Nusu ya Kidonge Isiyoua Mnyoo

Wenzangu wa famasia, udaktari na kemia mnaijua ile wiki. Mhadhiri anachora ubaoni kaboni moja iliyoshika vitu vinne tofauti, anachora na nyingine pembeni yake, kisha anageuka na kuuliza: hizi mbili ni kitu kimoja au vitu viwili? Ukumbi mzima kimya. Tunanakili, tunakariri R na S, tunaingia kwenye mtihani. Mwenye bahati anatoka na C, asiye na bahati anarudi kufanya sapu. Baada ya hapo hakuna anayeigusa tena mada hiyo. Mimi nilitoka na C, na niliamini kabisa kwamba iliwekwa kwenye mtaala ili kutupunguza idadi.

Nimebadili mawazo. Aliyenibadilisha ni mjomba wangu, ambaye hajawahi kukanyaga maabara.

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa kwake Shinyanga Vijijini. Mjomba ana ng'ombe, si wengi kwa hesabu za Wasukuma wa zamani, ila wanatosha kumnyima usingizi. Asubuhi moja tulikuwa tunawanywesha dawa ya minyoo, mimi nimeshika kichwa cha mnyama, yeye anamimina kwa chupa. Ndama mmoja alizidishiwa. Haikupita muda akaanza kutokwa mate na kutetemeka. Mjomba hakushtuka sana, alimvuta kivulini tukamsubiri, na kufikia jioni ndama alikuwa anazunguka zizini kama kawaida. Lakini mimi nilibaki naisoma ile chupa. Levamisoli. Lile "leva" likanigonga, maana ndilo neno lililokuwa linanitoa jasho mwaka wa pili.

Nikamwambia, "Mjomba, hii dawa ni nusu ya dawa nyingine."

"Wameichakachua?"

"Hapana. Wameitoa uchafu."

Nikamweleza nilivyoweza, kwa kumwonyesha viganja vyangu. Mwanzoni dawa hii ilitengenezwa ikiwa mchanganyiko wa molekuli za aina mbili, uliokuwa unaitwa tetramisoli. Aina hizo mbili zinafanana kwa kila kitu: atomi zilezile, uzito uleule. Tofauti yake ni kama mkono wa kulia na wa kushoto, kwamba mmoja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo na huwezi kuulaza mmoja juu ya mwingine ukalingana. Katikati ya miaka ya 1960 ikaonekana kwamba anayepooza mnyoo ni wa kushoto. Wa kulia karibu hana kazi kwa mnyoo, lakini kwa ng'ombe ana sumu kama mwenzake. Basi wakamtoa. Pale ng'ombe alipohitaji miligramu 15 za mchanganyiko kwa kila kilo ya uzito wake, sasa anahitaji 7.5 za mkono mmoja. Minyoo inakufa vilevile, na sumu inayoingia mwilini mwa ng'ombe imepungua kwa nusu. Nikamalizia kwamba ndama wetu angepewa ile ya zamani kwa uzembe uleule, huenda asingeinuka jioni.

Mjomba alikaa kimya kidogo. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza.

"Na ile ya kichocho mliyokuwa mnapewa nyie shuleni, nayo wameitoa uchafu?"

Nikamwambia, hapana mjomba, ile bado.

"Kwa hiyo ng'ombe walitangulia."

Alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ni mtoto wa ziwani. Nimesoma shule ya msingi upande wa Geita unaotazama Ziwa Victoria, na huko kichocho si mada ya kitabuni. Kwetu ni kile cha tumbo, kinachopatikana kwa kuoga, kufua na kuchota maji ziwani, kinachojaza tumbo la mtoto na kuharibu ini lake kwa miaka. Kwa akina mjomba, kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi ya Shinyanga, ni kile cha mkojo, ambapo kijana anakojoa damu na wazee wa zamani wakadhani ndiyo kubalehe kwenyewe. Konokono ni wa aina tofauti, mnyoo ni wa aina tofauti, ila dawa ni ileile: prazikwanteli.

Kama ulisoma kanda hii unakumbuka siku yenyewe. Mwalimu anasimamisha fimbo ya kupimia urefu ukutani, unasogea, fimbo inasema vidonge viwili, au viwili na nusu, au vitatu. Kidonge ni kikubwa, cheupe, kirefu kama punje ya harage. Kinakwama kooni, na kikikwama kinaanza kuyeyuka, na kikiyeyuka ndipo unajua uchungu ni nini. Klorokwini ya bibi zetu inasingiziwa tu. Darasani kwetu tulikuwa na mbinu: unakificha kwenye shavu, unafungua mdomo mwalimu akague, unatoka nje unakitema nyuma ya choo. Nilitema. Nasema hadharani leo kwa sababu naamini wengi mnaosoma hapa mlitema pia, na mkarudi ziwani jioni ileile mkiwa na minyoo yenu yote.

Sasa sikiliza. Prazikwanteli ilitoka Ujerumani miaka ya 1970, kazi ya Bayer na Merck, na hadi leo kidonge kinachogawiwa mashuleni ni mchanganyiko wa mikono miwili, nusu kwa nusu. Anayeua mnyoo ni wa kushoto, jambo lililojulikana tangu miaka ya 1980. Wa kulia karibu hafanyi chochote kwa mnyoo. Piga hesabu: kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo, kidonge kimoja kina miligramu 600. Mtoto wa kilo 30 anameza vidonge viwili. Ndani ya hivyo viwili, kiasi cha kidonge kimoja kizima ni molekuli ambazo hazikuja kumtibu. Zimekuja tu. Koo linazimeza, ini linalazimika kuzivunja, na ulimi unazionja. Mwaka 2009 watafiti waliupima uchungu wa mikono hiyo miwili mmoja mmoja, na ulio mchungu zaidi ukawa ni ule usiotibu.

Yaani tulikuwa tunatema dawa, kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya ile nusu isiyo dawa.

Mtu atauliza, kama mnajua yupi ni yupi, si mumtoe? Hapo ndipo kemia ya mwaka wa pili inapoacha kuwa mchezo wa kuchora. Nenda mgodi wowote wa wachimbaji wadogo, Rwamagasa, Nyarugusu au Mgusu. Mawe yanapita kwenye karasha, unga unaoshwa, halafu wanamimina zebaki. Zebaki inashika dhahabu na kuacha mchanga, kwa sababu dhahabu na mchanga ni vitu viwili tofauti kabisa. (Halafu wanaichoma kwa moto wa wazi na kuivuta wenyewe, lakini hilo ni andiko la siku nyingine.) Mikono miwili ya dawa haina zebaki yake. Ina uzito mmoja, inayeyuka kwenye joto moja, inaganda pamoja. Kitu pekee kinachoweza kuitofautisha ni kitu kingine chenye mkono, kama vile giza totoro halikuzuii kujua glavu ipi ni ya mkono upi, mradi uivae. Mwili wa mnyoo una mkono. Mwili wako una mkono: protini zako zote zimejengwa kwa upande mmoja. Ndiyo maana mwili unaona tofauti ambayo mizani ya maabara haiioni.

Mfaransa Louis Pasteur aliwahi kutenganisha mikono hii mwaka 1848 kwa kuchagua fuwele moja moja chini ya hadubini, kama mama anavyochagua mawe kwenye mchele. Alibahatika, maana chumvi aliyoishika ni kati ya chache ambazo kila mkono huganda peke yake. Nyingine zote zinahitaji hatua za ziada kiwandani, na kila hatua ni pesa.

Na hapo kwenye pesa ndipo ugomvi wangu ulipo. Tukifundishwa mada hii tunapewa mfano mmoja wa kututisha, thalidomaidi, ile ya Ujerumani ya 1957 iliyopewa wajawazito, ikaondolewa sokoni kuanzia mwishoni mwa 1961 watoto zaidi ya 10,000 wakiwa wamezaliwa na viungo visivyokamilika. Tunaambiwa mkono mmoja ulituliza kichefuchefu na mwingine ukaharibu mimba, laiti wangewatenganisha. Hadithi inanoga lakini imepunguzwa. Mikono ya thalidomaidi hubadilishana ndani ya mwili wenyewe. Ungempa mama ule "mzuri" pekee, saa chache baadaye angekuwa na yote miwili. Mfano huu unatufanya tuamini kwamba dawa hutenganishwa pale hatari inapoonekana. Nikiangalia dawa zinazotumika kanda yetu, naona mambo hayaendi hivyo. Dawa hutenganishwa pale ambapo kuna mtu wa kulipia.

Chukua ethambutoli. Kahama na Geita mnajua kifua cha mgodini: vumbi la mwamba linakwangua mapafu, na kifua kikuu kinapata mlango. Mgonjwa anaanzishiwa dozi, na miezi miwili ya kwanza ethambutoli ni mojawapo ya dawa nne zilizomo. Dawa hii ina tabia ya kugusa mshipa wa macho, ndiyo maana daktari makini humwuliza mgonjwa kama bado anatofautisha nyekundu na kijani. Sasa, umbo linaloua bakteria ni moja, na lina nguvu mara mia kadhaa kuliko taswira yake ya kioo. Lakini kwenye macho, umbo lisiloua bakteria halina huruma zaidi ya mwenzake. Wangeuza mchanganyiko, mchimbaji angebeba mzigo wa ziada kwenye macho yake kwa tiba ileile. Hawakuuza mchanganyiko. Ethambutoli iligunduliwa Marekani mwaka 1961, kwenye maabara za Lederle, wakati kifua kikuu kilikuwa bado kinaua Wamarekani na Wazungu, na dunia ikaizoea ikiwa umbo moja, lile linalotibu. Mchimbaji wa Nyarugusu anafaidika leo kwa sababu ugonjwa wake uliwahi kuwa ugonjwa wa matajiri.

Au chukua hii ambayo nusu ya bweni letu inaijua, kwa jinsi tunavyoishi kwa chai na chapati mpaka bumu litoke. Ukiwa na vidonda vya tumbo unanunua omeprazoli. Ukiwa na hela kidogo, muuza duka atakushauri esomeprazoli, "hii kali zaidi". Esomeprazoli ni mkono mmoja wa omeprazoli. Ikifika kwenye seli zinazotoa asidi, mikono yote miwili inageuka kitu kilekile. Tofauti ni kasi ya ini kuivunja tu. AstraZeneca waliitoa sokoni kwa jina la Nexium mwaka 2001 huko Marekani, hatimiliki ya omeprazoli ikiwa ukingoni. Kazi yote ile ya kutenganisha mikono, kwa faida ambayo madaktari wanabishania hadi leo. Kiungulia cha tajiri kilipatiwa mkono wake. Kondoo wa Australia na ng'ombe wa Ulaya walipatiwa wao miaka ya 1960. Mtoto wa Nkome anayeoga ziwani akaambiwa ameze yote mawili.

Najua nitajibiwa, na sehemu ya majibu hayo ni ya kweli. Prazikwanteli ya mchanganyiko ni salama. Imemezwa na mamia ya mamilioni ya watu, ni rahisi, na Merck wanaitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Ukisubiri dawa iliyo kamili watoto wanaumia wakati wewe unasubiri. Pia si kila kichefuchefu ni kosa la mkono wa kulia. Minyoo inayokufa inaleta maumivu yake, na mtoto aliyemeza bila hata uji atatapika hata umpe nini. Mkono wa kushoto wenyewe nao ni mchungu, si asali. Kwa hiyo asije mtu akasoma makala hii akamwambia mdogo wake akatae dawa shuleni. Mwambie ale kwanza, ameze kwa maji mengi, asiteme kama nilivyotema mimi.

Ila neno "salama" nalo tuliangalie vizuri. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo mashuleni uligeuka vurugu. Watoto walijisikia vibaya, uvumi ukaenea kwamba wanapewa sumu, wazazi wakavamia shule, zoezi likasimamishwa. Wataalamu walisema wananchi hawakuelimishwa, na ni kweli. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mzazi. Mwanao amerudi anatapika, anakwambia dawa ilikuwa chungu kiasi cha kushindwa kuhema, na serikali inakwambia ni salama. Usalama wa dawa haupimwi kwa damu na ini tu. Dawa ambayo mtoto anaitema, au ambayo kijiji kinaikimbia, imeshindwa hata kama haijamdhuru mtu. Na sehemu ya kushindwa huko ilikuwa ndani ya kidonge, imepimwa kwenye mizani, nusu kamili.

Bahati nzuri mambo yameanza kusogea, na yamesogezwa kwenye ziwa letu hilihili. Dawa mpya, arprazikwanteli, ni mkono wa kushoto peke yake. Kidonge chake ni kidogo, miligramu 150, kinayeyuka kwenye maji, na kimetengenezwa kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita, ambao miaka yote waliachwa nje ya ugawaji wa mashuleni. Kilifanyiwa majaribio ya mwisho Ivory Coast na Homa Bay, Kenya, ng'ambo ya maji tunayooga. Kabla ya hapo, swali la ladha liliulizwa hapahapa Tanzania: watoto wa umri wa shule ya msingi walisukutua vidonge vya namna hii, wakatema na kusema kipi kina nafuu. (Hao walitema kwa ruhusa.) Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kukikubali Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani likakipitisha Mei 2024, na mwaka 2025 Uganda wakaanza kuwapa watoto wao.

Nimefurahi, lakini sijaridhika. Kwanza, mtoto akishatimiza miaka saba anarudi kwenye kidonge kilekile cha fimbo na harage. Mkono wa kulia haujawa dawa kwa sababu mtoto ameanza darasa la kwanza. Pili, dawa iliyojaribiwa kwa ndimi za Watanzania inapaswa kuonekana kwenye zahanati za mwambao wa Geita na Chato bila sisi kusubiri kuhurumiwa, na watu wa kulisemea hilo kwa lugha ya kitaalamu ni sisi tunaojua maana ya herufi ile moja iliyoongezwa kwenye jina. Mbunge wa jimbo la ziwani hawezi kuuliza bungeni swali ambalo mtaalamu wa jimbo lake aliliacha kwenye karatasi ya mtihani.

Na tusiishie kuwasema wakubwa. Mtaani kwetu dawa zinauzwa mpaka kwenye meza za mnadani, karibu na viatu vya mitumba. Chukua levofloksasini, ambayo ni mkono wa kushoto wa ofloksasini na ni muhimu kwa kifua kikuu sugu. Kuna atakayejua kama kilichomo kwenye pakiti ni mkono mmoja kweli au mchanganyiko wa bei rahisi? Kwa macho, hapana. Kwa mizani, hapana. Hata vipimo vingi vya kawaida vya utambuzi vitakwambia ni dawa halisi, kwa sababu molekuli ni ileile. Kifaa cha kuanzia si cha ajabu. Ni polarimita: unapitisha mwanga kwenye dawa iliyoyeyushwa, unaangalia umepinda upande gani na kwa kiasi gani. Mchanganyiko nusu kwa nusu haupindi kitu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kufanya hivyo asubuhi moja na bado akawahi kipindi cha saa sita.

Niliporudi kutoka kwa mjomba nilikuwa na wazo la mradi wa mwaka wa mwisho: kununua dawa kumi na mbili kutoka maduka ya Shinyanga mjini, Kahama na Katoro, na kuzipitisha kwenye polarimita moja baada ya nyingine. Msimamizi wangu alilipenda wazo. Tukaenda pamoja maabara. Kifaa kipo, kimefunikwa kitambaa cha kijani, na lebo ya mwaka kilipopokelewa bado inasomeka vizuri. Taa yake ya sodiamu imeungua. Fundi wa maabara, mzee mpole ambaye hajawahi kumnyima mtu jibu, alisema iliungua kabla sijadahiliwa na kwamba nyingine imeombwa. Nikamuuliza, shikamoo mzee wangu, kwani darasa letu lilifanyaje lile zoezi? Akanikumbusha: tulipewa majibu ya mwaka wa nyuma, tukachora grafu.

Barua ya kuomba taa nimeiandika upya wiki hii na nimempa waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi nakala. Dawa za kwanza nne tayari ninazo, ziko kwenye droo chini ya kitanda changu, na risiti zake.